Chumba cha Nguo za Watu

Siku jivu lilipoanza kuanguka, kamba zote za uani zilikuwa zimejaa. Yalikuwa mashuka ya nyumba ya wageni, meupe kiasi kwamba ukiyatazama juani macho yanauma. Binti Kinyozi alikuwa ameinamia beseni, mikono imezama povuni hadi viwikoni, aliposikia kitu kikigonga mabati kwa upole, kama vidole vya mtu asiye na hakika kama atafunguliwa. Alidhani ni mvua. Akainua uso, na punje ya kwanza ikamwingia jichoni.

"Mvua kavu," baba yake alisema kutoka mlangoni mwa chumba cha pasi. "Mimi na mvi zangu zote, mvua kavu sijapata kuiona."

"Anueni!" sauti ya mama mkwe ilifyatuka kutoka ndani. "Mmesimama mnatazama nini, sinema? Anueni nguo za watu!"

Mlima ulikuwa mbali. Watu wa mtaa ule waliuona asubuhi chache tu katika mwaka, umesimama kule mwisho wa macho kama jino moja lililobaki kinywani mwa ajuza, na hakuna aliyekuwa na habari nao. Jana yake ulikuwa umenguruma, na redio ikatangaza kwamba waliokaa miguuni pake wahamishwe. Mtaani wakasema poleni jamaa wa huko, wakaendelea na shughuli zao. Sasa upepo ulikuwa umegeuka, na ya huko yamekuwa ya hapa.

Wakakimbilia kamba. Kinyozi, baba yake, naye akaja, anachechemea na mkongojo wake kwapani, vibanio vya nguo amevibana kwa meno ili mikono ibaki huru. Mikono yenyewe ilikuwa inatetemeka. Ndiyo iliyomwachisha kazi, maana kinyozi mwenye mikono ya kutetemeka hanyolewi naye ila mtu aliyechoka kuishi. Hayo alikuwa akiyasema mwenyewe, na kucheka mwenyewe. Shuka moja likamponyoka, likaburura pindo chini.

"Mkwe," mama mkwe, Mama Dobi, alimwita mzee. "Hilo shuka umelifua wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi usilichafue wewe."

Mzee akacheka kidogo kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa. Binti yake hakucheka. Alilikung'uta lile shuka, jivu likamchubua viganja.

Mama Dobi hakuwa mtu mbaya kwa watu wa mtaa, na haifai kumsingizia. Mumewe alikuwa na ndoto ya ghorofa. Alianza na chumba cha mbele, akakimwagia zege juu, tayari kubeba chumba kingine. Kisha akafa, ghorofa likabaki hewani. Nyuma ya kile chumba cha zege pakafuatana vyumba vya mabati juu ya miti ya zamani: cha mama, cha mwana, na mwisho kabisa chumba cha pasi. Mjane alianza na beseni moja. Mwaka wa mafuriko alizibeba nguo za wateja kichwani, furushi baada ya furushi, hadi penye mwinuko, huku vyombo vyake mwenyewe vikienda na maji mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo watu wakasema, ukimpa Mama Dobi nguo yako umeiweka benki. Sifa ile ilimwingia mwilini kama wanga kwenye kola. Ikamsimamisha wima, na hakuweza tena kuinama.

Alikuwa na mwana mmoja, mrefu, mpole, mwenye nguvu za kukamua blanketi peke yake. Majirani walimwita Ndiyomama, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yaliyomtoka zaidi. Huyo ndiye mume wa Binti Kinyozi. Na Kinyozi mwenyewe alihamia kwao baada ya kufiwa na mkewe, nyonga ikiwa imekufa na mikono haishiki wembe, hana mtoto mwingine wa kumwendea.

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe," Mama Dobi aliwaambia watu siku ile alipofika. "Huyu wa kwetu nimempa pasi."

Akawa mtu wa pasi za mkaa. Alfajiri huwasha mkaa, hupuliza majivu, huzipanga pasi zishike moto. Jioni humwaga majivu mferejini kwa ndoo moja ya maji. Kazi ikiisha, hutandika blanketi lake juu ya meza ya kupigia pasi na kulala papo hapo. Alisema meza ile ina joto kuliko mke. Binti yake akitaka kuomba kitanda, yeye humkanya kwa macho.

Jivu halikukoma. Adhuhuri iligeuka magharibi, kuku wakapanda kulala kabla ya chakula cha mchana, na magari machache yaliyopita yalipita na taa zimewashwa, polepole, kama yanafuata jeneza. Umeme ukakatika, redio nayo ikaishiwa betri. Watu walifunga puani vitambaa vilivyoloweshwa. Ukitafuna, meno yanasaga mchanga. Ukipangusa uso, unajikwaruza.

Ndani, Mama Dobi alipigana vita vyake. Kila nguo safi ilihamishiwa chumba cha mbele, rafu zikajaa hadi darini. Nyufa za madirisha zikazibwa kwa taulo mbichi, chini ya mlango likalazwa blanketi lililokamuliwa. Yeye mwenyewe akatandika mkeka kati ya kaunta na rafu ya chini, akawa analala humo kuzilinda. Nguo zilizofuliwa lakini hazijapigwa pasi, nyingi zikiwa makoti ya daktari, zilibaki chumba cha pasi kwenye kapu kubwa, maana kwake nguo isiyonyooshwa hailazwi na iliyonyooshwa.

Asubuhi iliyofuata, Binti Kinyozi alipompelekea baba yake chai, alisikia juu yake sauti ya kitu kinacholalamika. Akatazama. Boriti ya katikati ilikuwa imepinda kama mgongo wa punda.

"Baba, hili paa linalia tangu lini?"

"Tangu jana. Mimi na lenyewe tumelalamika zamu kwa zamu. Likilia nalinyamazia, nikilia mimi linaninyamazia."

"Usifanye mchezo."

"Mwanangu, nikiacha mchezo nitafanya nini kingine na mikono hii?"

Aliiweka chai, akaenda moja kwa moja chumba cha mbele. Mama mkwe alikuwa anapangusa kaunta kwa kitambaa kibichi. Mumewe alikuwa anakamua taulo la dirishani.

"Mama," alianza, amesimama nje ya kizingiti kwa sababu miguu yake ilikuwa na vumbi. "Paa la chumba cha pasi limeelemewa. Naomba baba aje alale humu mpaka hili jambo lipite. Hata hapo karibu na mlango."

"Humu?"

"Humu ndimo penye zege, mama."

Mama Dobi aliacha kupangusa. "Mimi mjane, yeye mgane. Tulale chumba kimoja, asubuhi watu waseme Mama Dobi kapata mchumba jivuni? Na kile kikohozi chake? Na ule mkongojo unaokokota uchafu kila unakopita?"

"Nitamwogesha. Nguo nitambadilisha."

"Mtu akichafuka anaoga akatakata. Shuka la mteja likiingia mchanga huu, kila ukilifikicha unalikata. Utamlipa mteja kwa kitu gani?"

Binti Kinyozi alimgeukia mumewe. "Mume wangu, sema basi."

Mumewe alilikamua lile taulo ingawa halikuwa tena na maji. "Mama anajua zaidi mambo ya chumba hiki," alisema.

"Basi aje chumbani kwetu."

"Mkwe wangu alale tunapolala sisi?" mumewe aliuliza. "Hata yeye hatakubali. Na paa si ndilo hilo hilo?"

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ikamuuma zaidi.

Jirani yao Seremala alikuwa juu ya paa lake na ufagio wa miti, anafagia jivu kavu na kulisukuma chini kwa mafungu. Kila fungu likianguka, wingu linainuka na kuvuka ukuta. Mama Dobi akatoka uani, kanga amejifunga usoni hadi machoni.

"Seremala! Vumbi lako linaingia kwangu!"

"Si langu, mama, ni la mlima! Kanishtakie huko!"

"Nina nguo za watu humu!"

"Na mimi nina watoto wa watu humu! Waambie na hao wako wapande wafagie. Hiki kitu ni kizito, mama, mabati hayakuzaliwa kwa mzigo huu."

"Nifagie nizitie vumbi mwenyewe? Wewe, mimi na jivu tumekaa nyumba moja tangu hujaota meno. Jivu dawa yake ni maji. Ulimwagie tu, linakwenda zake."

Seremala aliinua mabega, akafunika tena pua, akaendelea kufagia.

Na Binti Kinyozi naye aliamini hivyo. Hili lazima lisemwe. Hakuna aliyemdanganya. Katika nyumba ile majivu ya mkaa yalikuwa yakimwagiwa maji kila jioni na yakaondoka kwa furaha, mepesi, yanaelea hadi mtaroni. Hata wakikosa sabuni, waliloweka majivu wakafulia maji yake. Dobi gani ambaye hajui jivu na maji? Alilolitazama ni rangi, kumbe lililoanguka lilikuwa jiwe lililosagwa.

Alikwenda kwanza kwa baba yake. "Twende kwa Seremala. Amesema ana watoto, lakini pembe ya kulala haikosekani."

Mzee alitikisa kichwa. "Nitoke kwa wakwe zangu nikalale kwa jirani, huku mlango wao uko wazi? Kesho mtaa mzima utajua umeolewa wapi. Siwezi kukutangaza, mwanangu. Nikae tu."

"Bora nitangazwe."

"Wewe unasema hivyo leo. Mimi nitakufa, wao utabaki nao."

Alirudi uani macho yamemwiva. Mama mkwe alikuwa anamsubiri karibu na tangi la maji, na sauti yake safari hii ilikuwa laini kidogo.

"Sikia. Mimi si mnyama. Panda ulioshe lile paa. Likishakuwa jepesi hakuna haja ya kumhamisha mtu. Na ukiliosha bado likalia, baba yako ataingia chumba cha mbele. Nimesema mbele ya mume wako."

"Kweli, mama?"

"Nimewahi kusema jambo nikaligeuza?"

Hakuwahi. Binti Kinyozi akaikimbilia ngazi kana kwamba ameitiwa harusi.

Ngazi iliegemezwa ukuta wa nyuma. Mumewe aliteka maji tangini na kumpandishia ndoo. Yeye alipiga goti juu ya ukuta na kumwaga. Ndoo ya kwanza ililambwa yote. Jivu liligeuka kutoka kijivu likawa jeusi, likatulia, na vumbi likakoma pale pale, jambo lililompendeza kila mtu. Pembeni uji mzito kidogo ulitiririka hadi kwenye mfereji wa bati, mfereji ukajaa, ukanyamaza.

"Haliondoki," alisema.

"Ongeza," Mama Dobi alijibu kutoka chini. "Nguo yenye taka nzito haioshwi kwa kikombe."

Akaongeza. Mumewe alikuwa hodari wa ndoo, na kwa kuwa kazi ile ilimwokoa asitazamane na mkewe, aliifanya kwa nguvu zote. Chini ya mabati maji yalianza kupenya kwenye matundu ya misumari. Mama Dobi akachungulia chumba cha pasi, akaona matone yanaelekea kwenye kapu la makoti.

"Mkwe! Uko hapo umekaa kama bwana harusi, makoti ya daktari yanalowa tope! Tega mabeseni!"

"Natega, mama."

Wakamsikia akihangaika huku na huku, mkongojo unagonga sakafu, beseni linavutwa. Kisha akagonga mabati kwa chini na ncha ya mkongojo.

"Mwanangu! Unaosha paa au unaniosha mimi?"

Binti Kinyozi akacheka. Alikuwa hajacheka tangu jivu lianze. Alicheka huku ndoo iko mkononi, na akamwaga.

Hapo akasikia boriti. Haikulia kama asubuhi. Ilitoa mlio mfupi, mkavu, kama kifundo cha kidole kinachovunjwa. Goti lake likahisi ukuta unatikisika.

"Baba, toka nje!"

"Natoka."

"Toka sasa hivi!"

"Na makoti?" Mama Dobi aliuliza mlangoni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kama anavyouliza kila siku.

"Natoka nayo, mama," mzee alisema. "Nayavuta haya tu."

Paa halikuanguka kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Lilijikunja katikati, polepole, kama shuka linalokunjwa na watu wawili wanaosogeleana, pindo kwa pindo. Kisha likaenda chini lote kwa pamoja. Binti Kinyozi alibaki amepanda ukuta, ndoo tupu mkononi, anatazama mahali ambapo palikuwa na chumba. Ndani yake palikuwa na tope jeusi, laini juu, limetulia kama uji uliopakuliwa.

Alishuka bila ngazi.

Seremala alivuka ukuta na msumeno, wakaja na wengine na majembe. Walikata miti, wakafunua mabati. Tope lile liliganda kadiri lilivyokaa; mwanzo lilikuwa uji, baadaye likawa udongo wa mfinyanzi, baadaye majembe yakaanza kulia. Binti Kinyozi alichimba kwa mikono na hakujua kucha zimekwenda wapi. Ndiyomama alichimba kama trekta, analia bila sauti. Mama Dobi naye alichimba, mtu asimzulie. Alipiga magoti katika tope pamoja nao. Ila kitu cha kwanza alichokipata kilikuwa koti, na alipolipata alisimama, akalikung'uta, akaenda kulitundika kwenye kamba, ndipo akarudi.

Mzee walimkuta chini ya meza ya pasi. Meza ilikuwa imevunjika miguu ya upande mmoja. Alikuwa amelikumbatia kapu.

Wakamtoa, wakamlaza pembeni. Kisha mtu mmoja aliyekuja kusaidia, mwenye nia njema kabisa, akamshika Binti Kinyozi bega na kumwambia: "Nyamaza, dada. Maji yakishamwagika hayazoleki." Wengine wakaitikia, ndiyo, ndivyo yalivyo. Hakuna hata mmoja aliyesikia alichokisema.

Jivu lilikuwa bado linaanguka. Vyumba vingine viwili vya mabati vilikuwa vimeshapasuka kuta, haviingiliki. Wanaume wanne wakambeba mzee juu ya bati moja, wakazunguka nyumba hadi mlango wa mbele. Mama Dobi alikuwa amewatangulia. Alisimama kizingitini, mikono ameshika miimo yote miwili.

"Haingii hivyo alivyo," alisema. "Ana tope."

Seremala alidhani hajasikia vizuri. "Mama, huyu ni maiti."

"Najua ni maiti, sina upofu. Lakini humu mna nguo za watu."

Wale wanaume wakatazamana. Halafu wote, kwa pamoja, wakamtazama Ndiyomama. Kama kulikuwa na siku ya kumpa mtu yule jina jingine, ilikuwa ile. Alifungua kinywa. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, kisha akainama akachukua ndoo.

"Nitaleta maji," alisema. "Tumwoshe upesi."

"Maji hapana," Binti Kinyozi alisema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Akawaambia walitue bati chini ya ukingo wa zege, pale penye ubao wa kusubiria wateja. Akaketi chini. Akangoja. Hakulia, hakumtazama mtu. Alingoja tope likauke juu ya baba yake. Likikauka linabadilika rangi kuanzia pembeni, kutoka jeusi kuwa kijivu, na linapasuka mistari. Lilipopasuka, aliitisha brashi ya makoti. Akampiga brashi baba yake kuanzia begani kwenda chini, kufuata uzi wa nguo, kama anavyofundishwa kila dobi. Vipande vingine vilibanduka na vinyweleo. Alimtoa tope puani kwa kidole. Alimtoa katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine, na vilikuwa vimetulia, havitetemeki tena.

Seremala alivua shati lake akageuka ukutani, akawa anajipangusa uso nalo.

"Ametakata," Binti Kinyozi alisema, akainuka. "Mkague, mama."

Alisema vile kwa uchungu, kumuaibisha. Hakutegemea litakalofuata. Mama Dobi alishuka kizingiti, akainama juu ya maiti, na akamkagua. Alianza kichwani, akashuka kola, vifungo, mikono ya shati, upindo wa suruali. Alimkagua kama anavyokagua kazi inayotoka. Akanyoosha kidole.

"Sikio," alisema.

Binti Kinyozi akapiga magoti tena, akasafisha sikio.

Ndipo mlango ukaachwa wazi. Mama Dobi aliingia kwanza, akaondoa nguo zote za rafu ya chini na kuzipandisha juu ya kaunta, akazifunika. "Mlazeni pale," alisema, "miguu ielekee mlangoni." Na kwa kuwa nyumba haikuwa na pengine pa kulala, wote wanne walikaa humo hadi kulipokucha: maiti chini ya rafu, mama kwenye mkeka wake, mwana ameegemea mlango, na Binti Kinyozi amekaa katikati. Walienea. Nafasi ikabaki.

Mlima ulipochoka, ulichoka ghafla. Jua likatoka, dogo, la rangi ya shaba kuukuu. Walimzika mzee katika ardhi ambayo ilibidi kwanza ivunjwe kwa sururu. Waliofika kutoa pole walimkuta Mama Dobi ameketi barazani, na aliwaeleza wote kwa sauti ile ile: "Mkwe wangu alipanda mwenyewe kuliosha paa, masikini, kwa mapenzi ya baba yake. Maji yale aliyamwaga kwa mkono wake." Neno hilo halikuwa na uongo ndani yake. Watu walimtazama Binti Kinyozi, wengine kwa huruma, wengine wakashusha macho chini. Alikuwa anapita na trei ya vikombe. Mumewe aliwafuata wageni nyuma na birika, anamimina.

Halafu wateja wakaanza kurudi. Aliyetangulia alikuwa mwenye nyumba ya wageni, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye paa lake pia lilikuwa limetoboka na vitanda vyake vyote vimeharibika. Hakutegemea kitu. Binti Kinyozi alimteremshia mafurushi ya mashuka, akayapanga juu ya kaunta. Mwanamke alifunua pindo la moja, akalipitisha shavuni, akanusa.

"Hata punje!" alisema, na machozi yakamlenga. "Mji mzima hauna kitambaa cheupe, na haya yametoka kama siku yanazaliwa. Mama, wewe si dobi, wewe ni ngome."

Mama Dobi alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Nguo ya mtu ni amana, mwanangu."

"Na wewe, dada, pole," mwanamke alimgeukia Binti Kinyozi, akishusha sauti. "Nimesikia mmefiwa na mzee. Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa mzima."

"Oo. Ni hili jivu basi, eti? Vifua vya wazee haviwezi."

"Alikosa nafasi."

Mwanamke hakuelewa. Alimtazama Mama Dobi apate msaada, na Mama Dobi alikuwa ameshageuka kuzinyoosha rafu, mgongo wake umesimama wima. Nyuma ya pazia la mlango wa uani Ndiyomama aliacha kuteka maji.

Binti Kinyozi alisukuma mafurushi mbele ya mteja.

"Zihesabu nguo zako," alisema. "Hesabu mwenyewe, hapa hapa, tusije tukalaumiana. Zipo zote. Hakuna iliyopungua."

Mwanamke alivuta miwani juu ya pua, akalowesha kidole ulimini, akaanza kuhesabu.